Je, wajua wataalamu hutambuaje kilichoizeesha betri bila kuipasua?

Simu ilipokuwa mpya uliichaji usiku ukashinda nayo kutwa. Miaka mitatu baadaye, saa saba mchana inalia njaa. Tunasema "betri imekufa", lakini vifo vya betri haviko namna moja.

Betri ya lithiamu inapochajiwa, ioni za lithiamu (atomi zenye chaji ya umeme) hutoka upande chanya na kujipenyeza ndani ya grafiti (kaboni kama ile ya penseli), upande hasi. Ukitumia simu, hurudi zilikotoka. Tatizo ni kwamba grafiti ikigusana na kimiminika cha betri hujenga utando mwembamba, mfano wa ukoko wa wali sufuriani. Utando huo ni kinga, maana bila huo betri isingedumu. Ila haukomi kukua, na kila ukikua humeza lithiamu isiyorudi kazini tena. Joto huuchochea sana. Huo ni ugonjwa wa kwanza: wasafiri, yaani ioni za lithiamu, wamepungua. Wa pili ni vyumba kupungua: chembe za grafiti, au za upande chanya, hupasuka na kutengana na zenzake, zikawa hazipokei tena lithiamu.

Kwa mtumiaji, magonjwa haya hayatofautiani. Chaji haikai, basi. Mtaalamu huichaji betri polepole mno, pengine kwa saa 20 au zaidi, huku akiandika volti. Grafiti hujaa kwa hatua, na katika kila hatua volti hutulia kidogo. Akichora grafu ya kiasi cha chaji kinachoingia kwa kila badiliko dogo la volti, mitulio ile hugeuka kuwa vilele.

Hapo ndipo utamu ulipo. Chukua betri ya lithiamu ambayo upande wake chanya ni wa chuma na fosfati, inayotumika sana kwenye sola. Volti ya upande wake chanya karibu haibadiliki, kwa hiyo vilele vyote ni sauti ya grafiti. Kikipungua kile cha mwisho peke yake, lithiamu imekwisha kabla grafiti haijajaa: wasafiri ndio wachache. Vikisinyaa vyote kwa pamoja, grafiti yenyewe ndiyo imeharibika.

Kupasua huja mwisho, ndani ya kisanduku kilichojazwa gesi ya agoni, kwani lithiamu haipatani na unyevu (usijaribu na bisibisi nyumbani!). Wakikuta tabaka la kijivu linalong'aa juu ya grafiti, hiyo ni lithiamu iliyoganda kuwa metali. Mara nyingi betri hiyo ilichajiwa kwa pupa, au kwenye baridi kali.