Uwiano wa virutubisho katika tangi jipya la matumbawe

Kwa mfugaji wa matumbawe, neno "virutubisho" halimaanishi chakula anachokitia kwenye tangi, bali kile kinachobaki majini baada ya chakula hicho kusagwa matumboni mwa samaki au kuozea mchangani: hasa naitreti, ambayo ni zao la mwisho la naitrojeni, na fosfeti, inayobeba fosforasi. Uwiano wa virutubisho ni hali ambayo vitu hivi viwili vinaingia majini kwa kasi inayokaribiana na ile ya kuondolewa kwake, vyote vikiwa kidogo na hata kimoja kisiishe kabisa. Sharti hilo la mwisho ndilo linalosahaulika, na ndilo linalowaponza wageni wengi wa kazi hii.

Wafugaji wengi hulenga naitreti ya miligramu 2 hadi 10 kwa lita na fosfeti ya miligramu 0.03 hadi 0.1 kwa lita. Kwenye miamba ya bahari ya wazi vipimo huwa chini zaidi ya hapo, na mtu akilijua hilo hushawishika kuteremsha vyote hadi sifuri. Lakini bahari hupitishia matumbawe viumbe vidogo vya kuliwa usiku na mchana, jambo ambalo tangi la kioo haliwezi. Isitoshe, ndani ya nyama ya tumbawe lenyewe mnaishi mwani wa chembe moja unaolilisha sukari inayotokana na mwanga, na mwani huo nao unahitaji naitrojeni na fosforasi kama mmea wowote. Ukiukatia vyote, tumbawe hupauka, kisha nyama yake huanza kujivuta na kuacha mifupa wazi.

Ugumu wa dhana hii ni kwamba kipimo huonyesha kilichomo majini kwa wakati ule, wala si kinachopita. Tuchukue tangi la lita 200 lenye fosfeti ya miligramu 0.03 kwa lita: jumla yake ni miligramu 6 tu. Sasa tutie gramu moja ya chakula kikavu cha samaki, ambacho kwa kawaida huwa na fosforasi ya takriban asilimia 1. Hiyo ni miligramu 10 za fosforasi, sawa na miligramu 30 hivi za fosfeti, yaani mara tano ya yote iliyokuwemo tangini. Sehemu fulani hubaki mwilini mwa samaki na nyingine hunaswa na povu la kichujio, lakini hesabu yenyewe inatosha kuonyesha kwamba mkono unaolisha una nguvu kuliko dawa yoyote ya chupa.

Ndiyo maana mtu hupima fosfeti, maji ya kichupa yakakataa kugeuka buluu, rangi inayoonyesha kwamba fosfeti ipo, naye akiinua macho anauona mwani wa kijani umening'inia mwambani kama nywele. Kipimo hakikukosea. Fosfeti inaingia kila siku na mwani unaidaka kabla haijafika kichupani. Iliyobaki majini ni sifuri kwa sababu iliyoliwa ni nyingi.

Tangi jipya lina udhaifu wake wa pekee, nao ni nafasi tupu. Jiwe la chokaa lililoingizwa likiwa kavu halina kiumbe juu yake, bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitraiti na kisha naitreti huchukua majuma kadhaa kutulia, na kila uso mtupu unamngoja wa kwanza kufika. Mara nyingi hutangulia dayatomu, mwani wa chembe moja unaoonekana kama vumbi la kahawia, unaotumia silika (madini ya mchanga na kioo) na kufifia wenyewe silika ikipungua; huo hauhitaji vita. Hufuata mwani wa kijani, na wakati mwingine utando mwekundu wa sainobakteria, yaani bakteria wanaoishi kwa mwanga kama mimea. Jiwe lenyewe pia hunasa fosfeti na kuirudisha maji yakipungukiwa, kwa hiyo jiwe lililowahi kukaa kwenye maji machafu huendelea kulisha mwani kwa miezi.

Anayeogopeshwa na kijani hicho akabana kila kitu kwa mkupuo mmoja huweza kukaribisha mgeni mbaya zaidi, dinoflajeleti, viumbe wa chembe moja ambao hustawi hasa pale naitreti na fosfeti zinapoisha na wapinzani wao wakafa njaa. Hutambulikana kwa urahisi: asubuhi mchanga ni mweupe, alasiri umefunikwa kamasi za kahawia zenye viputo, na taa zikizimwa hutoweka tena. Baadhi yao hutoa sumu inayoua konokono. Hapa tiba, hata kama inamshangaza mtu, ni kuongeza naitreti na fosfeti kwa kipimo hadi zisomeke tena.

Kuna pia uwiano maarufu wa Alfred Redfield, mwanabahari wa Marekani aliyeonyesha kwamba naitrojeni na fosforasi katika viumbe vidogo vya baharini hukaribia 16 kwa 1. Hizo ni atomu, si miligramu. Kwa uzito wa naitreti na fosfeti inakuwa kama 10 kwa 1. Binafsi naichukulia kama dira tu, maana Redfield alikuwa akieleza bahari, hakuandika kanuni ya kulisha tangi.

Katika kudhibiti mwani, kazi ya mkono hutangulia: kuung'oa na kuutoa nje, kwa kuwa fosfeti iliyomo mwilini mwake hutoka nao. Maji ya kujazia yawe yamechujwa hadi yasibebe silika wala fosfeti, na taa zisiwake zaidi ya muda wa saa 8 hivi kwa siku. Konokono husaidia kukwangua. Samaki kama kangaja na tasi ni walaji hodari wa mwani, ila huhitaji tangi kubwa. Chembechembe za oksidi ya chuma hunyonya fosfeti vizuri mno, na hapo ndipo hatari yake ilipo, kwani zikiwekwa nyingi huiteremsha kwa siku moja na matumbawe hupata mshtuko. Zianze kidogo, kipimo kirudiwe kila juma. Baada ya miezi kadhaa huonekana madoa magumu ya zambarau mwambani, mwani wa chokaa, ukiziba zile nafasi tupu ambazo nywele za kijani zilikuwa zikizitamani.