Choo Kigumu Wakati wa Ujauzito: Usiache Vidonge vya Kuongeza Damu Kimyakimya

Malalamiko ya choo kigumu yanazidi kuongezeka katika dirisha letu la dawa za wajawazito, ila kinachotutia wasiwasi zaidi ni pakiti za vidonge vya kuongeza damu zinazorudi kliniki zikiwa zimejaa kama zilivyotoka. Mama akiulizwa, anajibu: "Vilinifunga choo, nikaviacha." Ameviacha mwezi mzima, na mhudumu hakuambiwa.

Ni kweli madini ya chuma yaliyomo kwenye vidonge hivyo hufunga choo kwa baadhi ya watu. Lakini hata asiyemeza kidonge chochote anaweza kufunga choo akiwa mjamzito. Homoni ya projesteroni hulegeza misuli ya utumbo, mabaki ya chakula yanapita polepole, na kadiri yanavyochelewa ndivyo utumbo mpana unavyozidi kuyanyonya maji. Baadaye mfuko wa uzazi nao unaukandamiza utumbo. Kuacha vidonge, basi, huenda kusimalize tatizo, huku upungufu wa damu ukiongeza hatari ya mtoto kuzaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo. Na mama mwenye damu pungufu akivuja damu wakati wa kujifungua, hali yake huharibika haraka.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito apate miligramu 30 hadi 60 za madini ya chuma kila siku, pamoja na mikrogramu 400 za asidi ya foliki. Kati ya 30 na 60 pana nafasi ya kurekebisha. Kidonge kinaweza kubadilishwa aina, kiasi au muda wa kumeza. Uamuzi huo unafanyika kliniki baada ya kuangalia kiwango cha damu yako. Jirani yako hana kipimo hicho. Choo kuwa cheusi kwa sababu ya vidonge ni kawaida, wala si "damu chafu inayotoka".

Ukija, njoo na kadi ya kliniki na pakiti zote za dawa unazotumia, zikiwemo ulizonunua mwenyewe. "Vile vidogo vyekundu" si jina la dawa. Tutakuuliza ulipata choo mara ya mwisho lini, kama kilikuwa vipande vigumu vya mviringo, kama ulijikamua, na kama uliona damu. Jibu la "kawaida tu" halitusaidii, maana kuna anayepata choo mara tatu kwa siku na anayepata mara tatu kwa wiki, na wote ni wazima. Tutauliza pia kuhusu kalsiamu na dawa za kiungulia, kwa kuwa baadhi yake nazo hufunga choo. Vidonge vya kalsiamu na vya chuma vipishanishwe kwa saa kadhaa, kwani vikienda pamoja chuma hakinyonywi vizuri. Majibu yote huandikwa, na usione haya.

Tiba ina ngazi zake. Kwanza ni chakula chenye nyuzinyuzi: matunda, mboga, jamii ya kunde na nafaka isiyokobolewa. Ongeza kidogokidogo, na maji yaongezeke pia. Nyuzinyuzi bila maji huzidisha kuziba, na hapa ndipo wengi hukwama kisha wakasema ushauri wetu haufai. Tembea kila siku kama hujakatazwa. Haja ikibana nenda, usiahirishe. Muda mzuri ni baada ya kifungua kinywa, kwa sababu chakula kikiingia tumboni utumbo mpana huamka. Kaa miguu ikiwa juu ya kigoda kifupi, uiname mbele kidogo. Kujikamua kunakaribisha bawasiri.

Hayo yasipotosha, hufuata pumba za ngano au nyongeza nyingine ya nyuzinyuzi, kisha dawa zinazovuta maji kwenye choo, kama laktulosi. Laktulosi huweza kuchukua siku mbili au tatu kufanya kazi, kwa hiyo usirudi kesho yake kudai imeshindwa, wala usijiongezee kipimo. Dawa zinazousukuma utumbo, kama sena, hutolewa kwa muda mfupi na kwa ushauri wa mhudumu.

Mafuta ya nyonyo usiyaguse: yanaweza kuleta kuharisha kukali na kuchochea mfuko wa uzazi. Maji ya sabuni kwa njia ya haja kubwa, hapana. Mitishamba ya "kusafisha tumbo ili mtoto apate nafasi", hapana pia. Mtoto yuko kwenye mfuko wa uzazi. Hakai na chakula.

Usisubiri tarehe ya kliniki ukiona damu kwenye choo, choo cheusi chenye kunata kama lami, maumivu makali ya tumbo, homa, au kutapika huku hupati choo wala kutoa hewa. Maumivu yanayokuja na kuachia kwa mpangilio kabla ya wiki ya 37 yanaweza kuwa uchungu, hata kama wewe unahisi ni haja tu. Nenda wodi ya wazazi moja kwa moja, bila kupitia dirisha la dawa.