Linki elfu mbili kwa laki mbili: yanayosemwa na yaliyo kweli

Shangazi yangu ana gesti ya vyumba sita Raskazone, na tovuti yake niliitengeneza mimi. Mwaka jana alinipigia simu: "Mwanangu, mbona nikiandika gesti Tanga sijioni tena?" Nikaenda na kompyuta, tukafungua Search Console, chombo cha Google kinachomwonyesha mwenye tovuti hali ya tovuti yake. Ujumbe ulikuwa unatusubiri: Google imegundua linki zisizo za asili zinazoelekea kwenye tovuti hii, yaani viungo vya kubonyeza vilivyowekwa kwa hila kwenye tovuti nyingine. Tukaipitia orodha ya linki hizo taratibu. Tovuti za kamari, za dawa za nguvu za kiume, nyingine za Kirusi, na zote zimebeba maneno yaleyale matatu: "gesti nzuri Tanga". Kumbe kuna fundi alimpitia akamuuzia linki elfu mbili kwa laki mbili. Aliambiwa ni tangazo.

Tangu siku hiyo nayasikia maneno ya yule fundi kwa wafanyabiashara wengi hapa Ngamiani, na yananiuma, maana wanaotoa hela ni watu wanaozihesabu.

"Linki zikiwa nyingi, unapanda." Neno hili lina asili yake. Larry Page na Sergey Brin, walioanzisha Google mwaka 1998, walijenga PageRank, kanuni yao ya kupima uzito wa kurasa, juu ya wazo kwamba linki ni kama kura. Ila uzito wa kura ulitegemea ni nani aliyeipiga, na hapo ndipo mafundi wanaponyamaza. Mgeni akishuka stendi ya Kange akauliza habari za mapango ya Amboni, neno moja la mwongoza watalii anayeingia mle kila wiki linamtosha kuliko watu hamsini waliolipwa kuita wateja.

Aprili 2012 Google ilileta mfumo wa Penguin kuwashughulikia wenye linki za hila, na tovuti nyingi zikaporomoka. Septemba 2016 mfumo huo ukaunganishwa na mtambo mkuu wa kupanga matokeo ya utafutaji, ukawa unafanya kazi muda wote, na mara nyingi unazipuuza tu linki mbovu badala ya kuizamisha tovuti nzima. Desemba 2022 wakaiingiza SpamBrain, mfumo wao wa akili bandia wa kunasa hila, kwenye kazi hiyo, itambue tovuti zinazonunua linki na zinazotumika kuziuza. Yale maneno matatu ya shangazi yalitosha kumsaliti. Watu wanaokusifia kwa hiari hawasemi kwa kauli moja. Huyu ataandika jina la gesti, yule "pale karibu na bahari".

"Wakubwa wananunua na hawaguswi." Wanaguswa. Februari 2011 gazeti la The New York Times lilifichua linki za kulipiwa zilizoielekea JC Penney, duka kubwa la Marekani, na Google ikaishusha. Januari 2012 ilikuwa zamu ya Google wenyewe: kampeni ya kulipia waandishi kuitangaza Chrome ilizaa linki iliyokiuka kanuni, wakaushusha ukurasa wao wa Chrome kwa siku zisizopungua 60.

Kulipia tangazo si kosa. Kinachotakiwa ni linki iwekewe alama ya "nofollow", iliyokuwepo tangu 2005, au "sponsored", iliyokuja 2019, ili Google ijue imelipiwa. Hapo unanunua macho ya wasomaji, hununui nafasi.

Kuna pia ile namba ya "mamlaka ya tovuti" wanayokuonyesha kwenye simu. Ni hesabu ya kampuni binafsi, kama Moz. Google haiitumii.

"Sijapata ujumbe, basi niko salama." Ujumbe huja pale mkaguzi wa Google anapokuchukulia hatua. Kwa wengi hakuna ujumbe wowote: linki zinahesabiwa sifuri kimyakimya, hela imekwenda, na fundi anarudi kusema, "Ongeza nyingine elfu." Huu ndio upotevu unaonikera kuliko wote, kwa sababu hauonekani.

Wengine wanaogopa kupita kiasi, wakiona linki chafu wanataka kuzikataa zote, yaani kuiambia Google isizihesabu. Kila tovuti huokota takataka. Chombo cha kukataa linki kipo tangu Oktoba 2012, lakini wengi hawakihitaji, na ukikataa zilizo nzuri unajiumiza. Sisi tulikihitaji: tulizinunua, na hatua ilishachukuliwa.

Tuliwaandikia wenye zile tovuti wazifute. Waliojibu ni wachache. Tukaweka kumbukumbu ya kila barua, zilizobaki tukazikataa, kisha tukaandika ombi la kuangaliwa upya. Shangazi alikaa pembeni yangu. "Andika kwamba nilinunua," akasema. "Tusiongeze uongo."

Baada ya wiki kadhaa hatua iliondolewa. Hakurudi pale alipokuwa, kwa sababu sehemu ya ile nafasi ya juu ilikuwa imeshikiliwa na zile linki. Sasa yuko ukurasa wa pili. Anazo linki za nahodha wa Pangani anayepeleka watu kisiwa cha Maziwe, na za msafiri aliyesimulia samaki wake wa kupaka na njia ya kwenda magofu ya Tongoni. Majuzi mgeni kutoka Dodoma alifika mlangoni na simu mkononi, imefunguka kwenye ukurasa wa yule nahodha.