Ati bunduki Marekani ni kama mkate

Kila pakitokea mauaji ya risasi huku Marekani, simu yangu hujaa. Shangazi yuko Tanga, binamu yuko Muscat, na swali lao ni moja: "Mwanangu, hao watu wamerogwa?" Naishi Texas, mwaka wa tisa huu, na kisiasa nimeelemea kwa wahafidhina, basi inachukuliwa kwamba mimi ndiye wakili wa bunduki. Uwakili siuwezi. Ninachoweza ni kusema kwamba mengi yanayozungushwa WhatsApp kuhusu jambo hili hayako hivyo, na baadhi ya uongo huo unatoka kwa watu wa upande wangu mwenyewe.

"Unaingia dukani, unalipa, unatoka na bastola"

Nilimsindikiza mwenzangu wa kazini, Mkongomani wa Lubumbashi, kwenda kununua bastola. Kabla hajatoa hata senti aliwekewa mbele fomu ya serikali kuu, namba 4473. Jina, mahali ulipozaliwa, kimo, uzito, uraia. Kisha yakaja ya ndiyo au hapana. Je, wewe ndiye mnunuzi halisi au unamnunulia mtu? Umewahi kutiwa hatiani kwa kosa kubwa la jinai? Unatumia bangi? Hapo pana onyo kabisa kwamba hata kama jimbo lako limeihalalisha bangi, kwa serikali kuu bado ni haramu. Umewahi kutiwa hatiani kwa kumpiga mwenzi wako? Ukidanganya kwenye fomu hiyo, umeshatenda jinai.

Muuzaji alichukua kitambulisho, akapeleka taarifa FBI, nasi tukabaki kutazama vichwa vya kulungu vilivyotundikwa ukutani. Huo ndio ukaguzi uliowekwa na sheria ya Brady ya 1993, na mfumo wake wa papo kwa papo ulianza kazi 1998. Kuhusu umri, sheria ya 1968 inamtaka mwenye duka asimuuzie bastola mtu wa chini ya miaka 21; bunduki ndefu ni 18.

Sasa matundu. Ukaguzi huo unawabana wauzaji wenye leseni. Jirani akimuuzia jirani, sheria ya serikali kuu haimdai ukaguzi. California na Colorado wanaudai kwa sheria zao, Texas hapana. Tena FBI isipojibu ndani ya siku 3 za kazi, duka linaruhusiwa kuuza. Aliyewaua waumini 9 kanisani Charleston mwaka 2015 aliipata silaha yake kwa njia hiyo. Wahafidhina wenzangu hununa nikiyataja haya, lakini tukitaka tuaminiwe tunaposema kwamba ukaguzi upo, tuseme na mahali unapovuja.

"Raia wanauziwa rashasha za jeshi"

Hapana. Herufi AR katika AR-15 zimetokana na ArmaLite, kampuni iliyoibuni. Ukivuta kifyatulio mara moja inatoka risasi moja, ukitaka ya pili uvute tena. Rashasha, ile inayomwaga risasi kidole kikiwa kimebana tu, iliwekewa usajili na kodi ya dola 200 mwaka 1934, fedha ambazo enzi hizo hazikuwa za mchezo. Na tangu Mei 1986, kwa sheria iliyosainiwa na rais Ronald Reagan, rashasha mpya haiwezi kumilikiwa na raia wa kawaida. Zile kuukuu zilizosajiliwa kabla ya hapo bado zinauzwa, kwa bei ya gari.

Nisije nikaonekana napaka rangi. Muuaji wa shuleni Uvalde, hapa Texas, mwaka 2022, alitumia bunduki ya aina hii ya AR, na watoto 19 na walimu 2 hawakurudi nyumbani. Hata hivyo ukiangalia hesabu za FBI za mwaka 2020, katika mauaji ya bunduki, bastola zilitumika kwa asilimia 59 na raifo, kundi la bunduki ndefu ambamo AR-15 imo, kwa asilimia 3; sehemu kubwa ya iliyobaki, aina ya silaha haikuandikwa. Mjadala wa Washington hauachi kuzungumzia ile asilimia 3.

Kuna kifaa kinachobadilisha hesabu kidogo, kile cha kitako kinachoitwa bampu stoki, ambacho hufanya bunduki ya kawaida ifyatue karibu kama rashasha. Kilitumika kwenye mauaji ya Las Vegas mwaka 2017. Aliyekipiga marufuku ni serikali ya Trump. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu ikaitupa marufuku hiyo kwa kura 6 kwa 3. Watu wakapiga kelele kwamba majaji wamekibariki. Walichosema ni kwamba sheria iliyoandikwa na Bunge haikihusu kifaa hicho, na ofisi ya serikali haina mamlaka ya kuinyoosha. Bunge likitaka, litunge.

"Ni haki ya kuwinda tu, au ya mgambo"

Hapa ndipo sisi tuliotoka Afrika Mashariki tunapotea zaidi, na sishangai. Kwetu silaha ni jambo la kuomba. Unakwenda kwa mamlaka, unaeleza kwa nini unaitaka, anayekaa ng'ambo ya meza anaamua. Akikataa, yamekwisha. Mhafidhina wa Marekani anaanzia upande wa pili wa meza. Kwake Marekebisho ya Pili ya Katiba, yaliyopitishwa 1791, hayakumpa mtu bunduki. Yalimkuta mwananchi na haki yake, yakaiambia serikali isiiguse.

Ni kweli sentensi yenyewe inaanza kwa kutaja mgambo, na kwa miaka mingi wasomi walibishana kama haki ni ya mtu mmoja mmoja au ya kikosi. Dick Heller alikuwa mlinzi mjini Washington. Kazini alibeba bastola kulinda jengo la serikali, nyumbani sheria ya jiji ilimzuia asiwe nayo. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ikamkubalia, kura 5 kwa 4, kwamba haki ni ya mtu binafsi na kujilinda ndicho kiini chake. Majaji wanne walikataa, na hoja zao zinasomeka hadi leo. Ila hukumu hiyohiyo, iliyoandikwa na jaji Antonin Scalia, kipenzi cha wahafidhina, inasema haki hii ina mipaka: wahalifu waliotiwa hatiani, shule, majengo ya serikali. Wanaopeperusha bango la "bila kizuizi chochote" wangeisoma mpaka mwisho.

New York ilikuwa inafanana na kwetu. Sheria yake ya tangu 1911 ilikuja kumtaka anayeomba kibali cha kutembea na bastola athibitishe sababu maalumu, na afisa ndiye aliyepima. Mwaka 2022 mahakama iliiondoa, 6 kwa 3. Swali la wahafidhina lilikuwa jepesi: ni haki gani nyingine ya kikatiba unayoiombea sababu kwa ofisa?

"Hili ni jambo la wazungu"

Mwambie Otis McDonald. Mzee mweusi, mstaafu, mkaazi wa Chicago, ambaye nyumba yake ilivunjwa zaidi ya mara moja na jiji halikumruhusu kuwa na bastola. Kesi yake ya 2010 ndiyo iliyoyabana majimbo na miji yote. Na mwanzo wa hadithi uko nyuma zaidi: baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, majimbo ya kusini kama Mississippi yalitunga sheria za kuwanyima silaha watu weusi walioachiwa huru. Mwaka 1967 vijana wa Black Panthers, chama cha watu weusi, walipoanza kutembea na bunduki hadharani California, gavana aliyesaini sheria ya kuwazuia alikuwa Reagan. Ndiyo, Reagan yuleyule.

"Wahafidhina hupinga kila kanuni"

Baada ya Uvalde, seneta John Cornyn wa Texas, Mrepublican, alijadiliana na Wademocrat mpaka sheria ikapita, na wanunuzi wa chini ya miaka 21 wakaongezewa muda wa kuchunguzwa. Alizomewa na wanachama wake mwenyewe. Mwaka 2024 mahakama yenye wahafidhina sita iliamua, 8 kwa 1, kwamba mtu aliyewekewa amri kwa sababu ya kumtishia mwenzi wake anaweza kunyang'anywa silaha. Mwaka 2025 ikaziacha kanuni za bunduki zinazouzwa vipandevipande bila namba, na aliyeandika hukumu ni jaji Neil Gorsuch, aliyeteuliwa na Trump.

"Mhamiaji haruhusiwi"

Mwenye grini kadi anaruhusiwa. Mwenye viza ya masomo au ya matembezi kwa kawaida hapana, na asiye na karatasi akishikwa na silaha ni jinai ya serikali kuu. Na jamani, usiweke alama kwamba wewe ni raia wakati bado. Kosa hilo linaweza kukuondoa nchini, bunduki ikabaki.

"Wengi wanakufa kwenye mauaji ya halaiki"

Mwaka 2021 walikufa watu 48,830 kwa bunduki. Kati yao 26,328 walijiua. Hili ndilo linalonikosesha jibu mbele ya shangazi, maana hoja yetu kwamba mtu mwema mwenye bunduki ndiye anayemzuia mwovu mwenye bunduki haifiki chumbani kwa mtu aliyekata tamaa saa nane za usiku.

Mkongomani wangu alijaza namba yake ya ukaazi, akasubiri, akapitishwa. Ndani ya boksi la bastola mlikuwa na kufuli dogo la waya. Sheria ya 2005 inamlazimu muuzaji kulitoa. Mnunuzi haimlazimu kulifunga. Lilikaa kwenye droo ya jikoni, pamoja na betri na vijiko, mpaka siku mkewe alipoliona na kuuliza ni la nini.