Je, wajua jinsi sindano moja ya kingamwili, yaani protini za kinga zinazokamata vimelea, inavyoweza kumkinga mtoto na malaria kwa miezi kadhaa?

Mbu jike wa anofelesi akimuuma mtoto usiku kule Mambrui au Gongoni, karibu na Malindi katika pwani ya Kenya, hamwingizii vimelea kwa maelfu. Kwa kawaida sporozoiti (vimelea vya hatua ya kwanza) anazoziacha ngozini hazifiki hata mia moja. Hivyo ndivyo vimelea vya malaria vinavyoanza maisha mwilini: vyembamba, vyenye kujisukuma vyenyewe mpaka vipate mshipa wa damu, kisha vielekee kwenye ini. Safari yote huchukua dakika chache hadi saa chache.

Huo ndio udhaifu wa malaria. Sporozoiti moja ikishajificha ndani ya seli ya ini, kwa muda wa wiki moja hivi huzaa makumi ya maelfu ya vimelea vipya. Vikimwagika kwenye damu, homa haiko mbali. Ni afadhali sana kuzikamata hizo chache zikiwa njiani. Hata hivyo, ikiponyoka moja tu, inatosha kuleta ugonjwa.

Chanjo huufundisha mwili kujitengenezea kingamwili, na kazi hiyo hutaka dozi kadhaa na muda. Kingamwili za monokloni, yaani za aina moja zilizotengenezwa maabara, huja zikiwa tayari. Watafiti nchini Marekani walichukua damu ya watu waliojitolea kuchanjwa kwa sporozoiti zilizodhoofishwa kwa mionzi, wakatafuta seli za kinga zinazotoa kingamwili kali, kisha jeni za kingamwili hizo zikapandikizwa kwenye seli zinazokuzwa maabara ili zitengenezwe kwa wingi. Mojawapo inaitwa L9LS. Hung'ang'ania protini ya CSP, ambayo imeifunika sporozoiti mwili mzima, na sporozoiti iliyoshikwa hivyo haiwezi kuingia kwenye ini. Chanjo za malaria za RTS,S na R21 zinalenga protini hiyohiyo, ila kipande inachokipenda L9LS hakimo ndani ya chanjo hizo.

Herufi LS zinaonyesha kwamba asidi amino mbili zimebadilishwa ili mwili usiivunje kingamwili haraka. Kiasi chake damuni hupungua kwa nusu kila baada ya siku 56 hivi. Kingamwili ya kawaida ya aina hii hufanya hivyo kwa wiki tatu. Basi baada ya miezi 6 hubaki kama sehemu moja ya nane.

Huko Mali, watoto 225 wa miaka 6 hadi 10 walishiriki jaribio ambalo matokeo yake yalitoka mwaka 2024. Waliodungwa miligramu 300 chini ya ngozi walipata kinga ya 70% dhidi ya maambukizi na 77% dhidi ya malaria yenye dalili, kwa miezi 6. Kingamwili iliyotangulia, CIS43LS, ilitaka miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, kwa dripu. Mtu mzima wa kilo 60 angehitaji miligramu 2,400, jambo ambalo zahanati ndogo isingelimudu.

Lakini matokeo ya Mali hayawezi kuhamishiwa Malindi jinsi yalivyo. Kule malaria ina msimu mmoja mkubwa. Huku kuna masika, kuna vuli, na kando ya mikoko kuna Anopheles merus, mbu anayezaliana kwenye maji ya chumvichumvi. Sindano ya mwezi Machi ingekuwa imefifia mvua za vuli zinapofika Oktoba. Ndiyo maana jaribio la L9LS huko Siaya, magharibi mwa Kenya, lililohusu watoto wa chini ya miaka 5 mahali ambapo malaria haikatiki, lilipangwa kwa miezi 12.

Kosa moja linaweza kuharibu kila kitu: kumdunga mtoto ambaye tayari ana vimelea damuni. L9LS haivigusi hivyo, maana havina tena ile protini ya CSP. Kwa hiyo katika jaribio la Mali washiriki walipewa kwanza dawa ya malaria ya AL (artemether-lumefantrine) kusafisha damu, ndipo wakadungwa. Pia L9LS hushughulika na kimelea cha falsiparamu (Plasmodium falciparum) peke yake. Aina nyingine za malaria hupita.

Kwa sasa sindano hii bado iko kwenye utafiti, haipatikani hospitalini. Ikifika, wanaostahili kutangulizwa, kwa maoni yetu, ni watoto wanaoruhusiwa kwenda nyumbani baada ya kulazwa kwa upungufu mkubwa wa damu, kwani miezi inayofuata ni ya hatari kwao. Na mtoto aliyedungwa akipata homa, apimwe malaria siku hiyohiyo. Akikutwa nayo, apewe AL dozi zote 6 kwa siku 3, pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta ili dawa ifyonzwe vizuri.