"Mzee, Imekwama Tena": Dhana Potofu Kuhusu Bastola ya Kazi

Jumatatu saa moja asubuhi simu inaita. Ni mwenye kampuni ya ulinzi hapa mjini, na shikamoo yenyewe hakuimalizia. "Mzee, ile bastola imekwama tena. Nimekubali, rahisi ghali. Nitajie ya bei mbaya nichukue tatu, yaishe."

Hayaishi. Nilikuwa fundi silaha kazini kwa miaka ishirini na sita. Sasa nimestaafu, naishi Kizota, Dodoma, na kampuni za ulinzi huniita kukagua bastola zao na kuwanoa walinzi shabaha. Maneno hayo ya bosi nimeyasikia kwa wenye kampuni, kwa wasindikiza fedha, hata kwa vijana wa doria za wanyamapori, mpaka nayaota usiku. Leo nayaandika, pamoja na mengine machache ya ukoo huohuo.

"Ikikwama ni mbovu, na dawa yake ni bastola ya ghali"

Hili ndilo linalonikera kuliko yote, kwa hiyo mnivumilie nikilikalia.

Nilimwambia bosi ailete pamoja na magazini zake zote, yaani vile visanduku vya risasi vinavyochomekwa kwenye mashiko. Akaja na moja. Nyingine, akasema, iko kwa mlinzi wa usiku. Nikaishika ile moja kwenye mwanga wa dirisha: mdomo wake wa kushoto, ule ukingo wa juu unaoshikilia risasi, umepanuka. Iliangukia zege siku moja lindoni, ikafutwa vumbi, ikarudishwa kazini. Risasi ya juu ilikuwa imeinua pua kama ng'ombe anayenusa mvua. Alhamisi tukaenda uwanja wa shabaha, nikachomeka magazini nzima ya aina ileile, tukapiga risasi hamsini. Haikukwama hata moja. Nikarudisha magazini ya bosi. Risasi ya tatu, imekwama.

Magazini si kopo la kubebea risasi. Ndiyo inayoileta kila risasi mbele ya chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu risasi inapokaa ikipigwa, kwa kimo kilekile na pembe ileile, katika muda ambao jicho halijamaliza kupepesa. Slaidi, kile chuma cha juu kinachoteleza, inarudi nyuma na kutupa ganda, inarudi mbele ikitegemea kukuta risasi iko tayari. Springi ya magazini ikiwa imechoka, risasi inakuwa bado iko njiani. Slaidi inapita juu yake na kufunga chemba tupu, au inaikamata mgongoni na kuisimamisha. Midomo ikiwa imepanuka, risasi inaruka mapema na kugonga ukingo wa chemba. Mwenye bastola haoni lolote kati ya hayo. Anachoona ni chuma kilichomwaibisha, na anatazama bei aliyoinunulia.

Jeshi la Austria lilipotafuta bastola mpya mwanzoni mwa miaka ya 1980, moja ya masharti yake ilikuwa kwamba katika risasi 10,000 za kwanza bastola isikwame zaidi ya mara 20. Someni hapo tena. Jeshi zima, na wahandisi wake, liliandika kabisa idadi ya kukwama litakayoivumilia. Aliyeshinda mwaka 1982 alikuwa Gaston Glock, mtu ambaye kabla ya hapo alijulikana kwa visu na fito za mapazia. Bastola yake ndiyo hiyo wateja wangu wanayoiita ya bei mbaya, wakidhani haikwami. Inakwama. Nimeikwamua mimi mwenyewe mara nyingi, na mara nyingi kosa lilikuwa magazini, risasi, mafuta au mkono.

Tuje kwenye mafuta. Dodoma kuanzia Mei hadi Novemba ni vumbi tupu, na upepo wa mchana unaliingiza hadi kwenye sufuria. Mlinzi wa geti kule Mtumba au Ihumwa anakaa humo kwa muda wa saa kumi na mbili. Sasa mtu huyo amefundishwa kwamba matunzo ya silaha ni mafuta mengi, basi anaimwagia mpaka inachuruzika ndani ya mkoba wake wa kiunoni. Vumbi likikutana na mafuta yale linakuwa tope laini, na tope lile linaifanya slaidi itembee kama gari bovu kwenye mchanga. Bastola ya huku inataka matone machache: kwenye reli za slaidi na pale mtutu unaposugua, kisha unafuta mpaka unadhani umefuta yote. Magazini kwa ndani usiitie mafuta kabisa. Ifungue, ipanguse kwa kitambaa kikavu, ifunge.

Niliwahi kuletewa bastola kutoka upande wa Singida iliyopakwa mafuta ya alizeti. Mlinzi aliishiwa mafuta ya silaha akaona jiko liko karibu. Wiki chache tu, slaidi ilikuwa haivutiki kwa mkono mmoja. Mafuta ya alizeti yakikaa kwenye hewa yanakaukia na kuwa gundi ya njano. Mama yeyote aliyewahi kusugua nje ya karai la kukaangia anaifahamu. Mwenye kampuni alishaandika barua ya kuomba fedha za bastola nyingine.

Kisha mkono. Slaidi inahitaji fremu, ule mwili wa chini wenye mashiko, itulie ili ipate nguvu ya kurudi nyuma mpaka mwisho. Anayeishika kwa kiganja kilicholegea anakwenda nayo, na safari ya slaidi inakatika katikati. Bastola hiyohiyo inamkwamia Juma na haimkwamii Asha, na Juma anaandika ripoti kwamba silaha ina hitilafu. Huyo anahitaji saa mbili za mazoezi na risasi za kutosha.

Na hapo ndipo fedha ya ile "bei mbaya" inapotakiwa kwenda. Chukua bastola ya bei ya kati inayotumia risasi ya 9×19 (unene wa milimita tisa, ganda la milimita kumi na tisa) kutoka kiwanda kinachouza kwa vyombo vya usalama. Wacheki wanazo, na CZ 75 ilitoka mwaka 1975 na bado inazaa watoto. Waturuki nao siku hizi wanatengeneza nzuri kwa bei inayoeleweka. Lakini kabla hujauliza bei ya bastola, uliza bei ya magazini, na uliza kama zipo. Muuzaji akianza kuzungukazunguka, muage. Kila bastola iwe na magazini tatu, zimeandikwa namba kwa rangi, ili ikikwama uandike kwenye daftari ilikwama ikiwa na namba ngapi. Wiki mbili tu za daftari hilo zitakuonyesha mkosaji. Bastola mpya ipigwe risasi 200 kabla haijaenda lindoni, kwa magazini zote tatu, na sehemu ya hizo iwe ni zile zile za kazini. Mia mbili ni kanuni yangu, wengine wana yao. Mwenye kampuni akiniambia risasi 200 ni hasara, namuuliza kama anapendelea kuijua bastola yake siku ya majambazi.

Springi nazo zina umri, na umri wake unahesabiwa kwa risasi. Bastola ya mwaka 2010 iliyopigwa mara mia tatu ni kijana. Ya mwaka juzi iliyozungushwa kwenye mafunzo ya kila kuruta inaweza kuwa tayari inadai springi ya slaidi.

"Tisa ni tisa"

Si kweli, na hapa watu wanaumia. Makarov, bastola ya Kisovieti iliyoingia kazini mwaka 1951, inakula 9×18, na kichwa cha risasi yake kina kipenyo cha milimita 9.27 hivi. Risasi ya Parabellum ni 9×19 na kichwa chake ni 9.01. Kuna na 9×17, ile fupi. Zote tatu dukani zinaitwa "tisa". Aliyeniletea boksi la 9×17 kwa bastola ya 9×19 alikuwa anafurahia punguzo. Ile fupi inaingia kwenye chemba ikichezacheza. Huenda ikalia mara moja na kukwama, huenda isilie. Soma kitako cha ganda, soma na maandishi ya kwenye mtutu. Yakitofautiana, rudisha boksi.

Na risasi za lindoni zisizeeke mifukoni. Kuna tabia ya kukoki asubuhi, jioni wakati wa kukabidhiana zamu inatolewa, kesho ileile inarudishwa juu ya magazini, inakokiwa tena. Kila ikigonga mteremko wa kuingilia chemba, kichwa kinasukumwa ndani ya ganda kidogo kidogo. Nafasi ya baruti inapungua, na siku ikipigwa presha inapanda kupita ilivyokusudiwa. Ukiiweka kando ya risasi mpya utaona kwa macho kuwa imefupika. Itenge, isirudi kwenye magazini.

"Risasi kubwa ndiyo inayosimamisha mtu"

Aprili 11, 1986, huko Miami, Marekani, maofisa wawili wa FBI, wapelelezi wa serikali kuu ya huko, waliuawa katika mapambano na majambazi wawili, na lawama nyingi ikaangukia risasi ya 9 mm. FBI wakahamia 10 mm. Ikawa kali mno kwa mikono ya maofisa wengi, ikapunguzwa makali, na mwaka 1990 ikazaliwa risasi ya .40 (unene wake kwa inchi). Mwaka 2016 wakatoa mkataba wa bastola mpya, za 9 mm. Walizunguka miaka thelathini wakarudi walikoanzia, kwa sababu vichwa vya risasi vilikuwa vimeboreshwa na kwa sababu mtu mwenye 9 mm anarudi kwenye shabaha upesi na kukosa kidogo. Wao wana fedha za kuzunguka. Wewe na kampuni yako ya walinzi arobaini huna. Tena risasi kubwa ni ghali zaidi, maana yake mazoezi yatakuwa machache zaidi.

"Haina sefti, hiyo ni hatari"

Wanaisema Glock na jamaa zake zenye sefti kwenye triga. Haina kitufe cha pembeni cha kusukuma kwa kidole gumba, basi. Ina vizuizi vitatu vinavyofunguka pale tu triga inapovutwa, kwa hiyo haitalia kwa kudondoka. Anayestahili kuogopwa ni anayeichomeka kiunoni au mfukoni pamoja na funguo. Mkoba mgumu unaofunika triga yote si pambo, na usinunue ule wa kitambaa laini unaojikunja mdomo. Siku ya kurudisha bastola mkobani ukingo wake unaingia kwenye triga badala ya kidole. Nimeona tundu kwenye suruali na tundu kwenye paja, vyote vya mtu mmoja.

Bastola ambayo kweli haina sefti ya kutegemewa ni Tokarev ya 1933, ile ya nyota kwenye mashiko. Ina nusu koki tu, yaani nyundo inasimamishwa katikati ya safari, na nusu koki iliyosagika siiamini hata kidogo. Hiyo itembee na chemba tupu, sibishani na mtu.

"Ya plastiki ni toi"

Fremu ndiyo plastiki. Slaidi na mtutu ni chuma, na mashine ya kukagulia mlangoni inavilia kama kawaida. Jua la Novemba halijayeyusha hata moja. Ukiiacha juu ya dashibodi, hofia kwanza kuibiwa.

"Ndogo ni nzuri, haionekani"

Mlinzi mwenye sare anamficha nani? Mtutu mfupi una umbali mdogo kati ya vilengeo viwili, kosa la mkono linakuzwa, na mshtuko wake ni mkali. Ndogo muachie aliyevaa suti.

"Magazini ikikaa imejaa, springi inalegea"

Springi nzuri inachoshwa zaidi na kukandamizwa na kuachiwa kila siku kuliko kukaa imebanwa. Wanaozimwaga na kuzijaza kila jioni kwa huruma ndio wanaozizeesha.

"Bastola ya mkono wa pili ni takataka"

Inategemea ilikotoka na kama namba yake inasomeka vizuri. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 hakuna kununua kwa kupeana mkono barazani. Polisi waione, umiliki ubadilishwe, ndipo uichukue. Baada ya hapo nitazame mtutu kwa ndani, nikaguse kona za slaidi kutafuta ufa, nibadilishe springi zote na nikupe bei ya magazini mpya. Nyingi zinapona na zinafanya kazi miaka.

Ile ya Jumatatu imepona. Nimebadilisha springi ya slaidi, magazini tatu mpya zimeagizwa kupitia duka lenye leseni, na walinzi wake sita watakuja mazoezini Jumamosi. Bosi bado hajaridhika. Ameniuliza mara mbili kama sina jina la ile ya bei mbaya. Ile magazini yenye mdomo uliopanuka niliiponda kwa nyundo mbele yake, maana ningemrudishia hivyohivyo, kesho ingekuwa imerudi lindoni.