Je, wajua? Slagi ya tanuru inaweza kuwa na shaba nyingi kuliko mawe ya mgodini

Pale Kitwe, Zambia, kuna dampo la Nkana, lilikuwa na kama tani milioni 20 za slagi, yaani takataka inayobaki mawe ya shaba yakiyeyushwa, iliyomwagwa miaka na miaka na matanuru ya shaba. Ilipopimwa ikakutwa na shaba asilimia 1 na zaidi kidogo, na kobalti, metali nyingine, kuanzia asilimia 0.3 mpaka 2.6. Sasa fikiria, siku hizi kuna migodi mikubwa ya shaba inachimba mawe ya asilimia 0.5 tu na bado inapata faida. Madini yote hayo yalifikaje kwenye takataka?

Iko hivi. Mawe mengi ya shaba yana chuma na salfa ndani yake, kwahiyo kwenye tanuru wanatia mchanga wa silika ili ukishike kile chuma, halafu vitu vinajitenga kama mafuta na maji: shaba ikiwa bado na salfa inazama, slagi inakaa juu na kutolewa. Tatizo kujitenga kunataka muda na tanuru halisubiri. Kuna vitone vya shaba vidogo mno, vingine mpaka hadubini, slagi inapoanza kumwagwa vyenyewe bado viko njiani kushuka, basi vinaondoka nayo. Na kuna shaba nyingine imeshaungana na oksijeni ikayeyukia mle mle kwenye slagi, hiyo hata usubiri mpaka kesho haishuki.

Kobalti ndo zaidi. Yenyewe inashikana na oksijeni kwa nguvu kuliko shaba ila haikifikii chuma, kwahiyo chuma kikienda kwenye slagi na yenyewe nyingi inafuata huko huko.

Kuirudisha shaba inategemea imejificha vipi. Kama ni vitone, siri kubwa ni kupoza. Slagi ya moto ukiimwagia maji inaganda ghafla inakuwa kioo na vitone vinabaki vidogo vile vile, lakini ukiiacha ipoe polepole kwenye vyungu vikubwa vya chuma, vitone vinakutana, vinaungana, vinanenepa, baadaye ukiisaga laini vinaachia jiwe, unatia maji na dawa, unapuliza hewa, shaba inapanda na povu unaikusanya. Mimi naona hii ndo hatua nzuri kuliko zote, maana kazi kubwa imefanywa na subira tu.

Ikiwa imeungana na oksijeni, kusaga hakusaidii, lazima uiyeyushe tena. Chambishi, hukohuko Zambia, mwaka 2001 waliwasha tanuru la umeme kwa ajili ya slagi ya Nkana, joto nyuzi 1,500 hivi, wakawa wanatia makaa ya mawe na kaboni yake inapora oksijeni. Shaba inatoka mapema, kobalti inafuata, chuma kinabisha mpaka mwisho. Sasa makaa yakipungua kobalti inabaki, yakizidi unazoa chuma kibao usichokihitaji, na chote hicho kitakuja kukumalizia asidi ya kuyeyushia metali kule mbele unapotenganisha madini.

Na wala sio jambo jipya. Strabo, Mgiriki aliyeishi karibu miaka 2,000 iliyopita, aliandika kwamba kule Laurion, Ugiriki, migodi ya fedha ilipochoka watu walirudia mabaki ya zamani wakayayeyusha tena, wakapata fedha safi.

Ila kitu kimoja watu wanasahau, ukishatoa shaba na kobalti yote bado kwenye kila tani 100 za slagi unabakiwa na tani zaidi ya 90, na ikiwa imesagwa unga, lazima ijengewe bwawa lisilovuja, la sivyo mabaki ya metali yanaingia kwenye maji ya watu.